Mwalimu na Babu Yake wa Greenock

Niliambiwa, na niliamini kwa moyo wangu wote, kwamba Skotlandi imeishiwa na watu. Mvua ya kule imenyesha hadi vijana wote wamekimbia, wamebaki wazee na kondoo, na kwa hiyo serikali yao imeamua kuwakusanya wajukuu waliotapakaa duniani. Mjukuu akifika na karatasi ya ubatizo ya babu yake anapokewa uwanja wa ndege kwa zumari, anakabidhiwa nyumba ya mawe, kondoo wa kuanzia maisha na ile sketi yao ya wanaume, na kesho yake asubuhi ni raia. Habari hii niliipata kwa mteja aliyekuwa kwenye kiti changu cha kunyolea, povu kidevuni na wembe shingoni, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyekaa hivyo anaweza kusema uongo. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeitangaza Rosettenville nzima, mtaa wetu wa Johannesburg, hata kwa Wareno.

Nilikuwa na sababu ya kuiamini. Mjukuu mmoja wa Skotlandi tulikuwa naye. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza.

Shule yetu ya jioni ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa kule Bertrams. Tulikuwa Warundi wauza viazi, Wakongo wasusi na walinzi, Wakenya wawili waliojua kila kitu, na mimi Mtanzania, kinyozi, niliyetoka Kigoma na darasa la saba langu. Mwezi wa Juni ukumbi ule ulikuwa baridi kiasi kwamba maneno yalitoka mdomoni yakaanguka sakafuni kabla hayajamfikia mwenzako. Mwalimu aliingia na koti lilelile la kijivu na tai ileile, akaning'iniza koti kwenye msumari, akabaki na shati, akatutazama sisi tuliojifunika mablanketi.

"Mumekuja kusoma ao mumekuja kulazwa?"

Alikuwa mtu wa Katanga. Akifundisha, Kiswahili chake kilinyooka kama kimepigwa pasi. Akikasirika, Lubumbashi yote ilimtoka kwa mpigo mmoja. Alikasirika mara nyingi, kwa hiyo Lubumbashi naifahamu vizuri ingawa sijawahi kufika.

Hakuwahi kumsifu mtu. Jibu likiwa sahihi alisema, "Endelea." Likiwa kosa alisema, "Endelea, lakini si hapa." Mimi aliniita Kinyozi mpaka wenzangu wakasahau jina langu. Alikuwa na desturi moja iliyotuchosha: kila kipindi kilianza kwa kuandika jina lako kamili, la baba yako na la babu yako, kwa mwandiko unaosomeka. Mrundi mmoja, mzee wa kanisa, alimwambia, "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza Kiingereza, majina yetu tunayajua."

"Unayajua weye," akajibu. "Mutu wa dirishani hayajui. Siku atakuuliza, mukono usitetemeke."

Watu wa madirishani ndio waliokuwa dini yake. Alikuwa amesimama kwenye foleni za vibali vya wakimbizi tangu foleni zilipoanza kuwepo, na alikuwa na hakika kwamba dunia nzima imejengwa kwa kuta tupu, na kwenye kila ukuta kuna kidirisha, na nyuma ya kidirisha kuna mtu anayesubiri ukosee herufi.

Na Ulaya? Ulaya alikuwa hataki kuisikia. Mwanafunzi akitaja kwamba ana mpango wa Kanada au Ubelgiji, Mwalimu aliweka chaki chini. "Ulaya si shangazi yako," alisema. "Usiende kwa mutu hajakuita." Alisema hivyo mwaka mzima wa kwanza niliomfahamu. Halafu akaanza kumtafuta babu.

Huyo babu alikuwa Mskoti wa mji wa bandari wa Greenock, fundi wa mitambo ya meli ndogo zilizopita mto Luapula na ziwa Mweru zama za Wabelgiji. Alikaa na bibi yake Mwalimu muda wa kutosha kuzaa naye mabinti wawili, kisha akafunga sanduku lake la spana akaondoka, na sanduku ndilo lililopata mtu wa kulibeba. Watoto hawakubebwa. Baada ya hapo serikali ya Wabelgiji ikawaona wale wasichana, ikachukizwa kuiacha rangi yao kijijini, wakachukuliwa wakapelekwa kwa masista. Mdogo wao ndiye mama yake Mwalimu. Bibi aliwafuata kwa miguu hadi getini pa masista akaambiwa arudi nyumbani, watoto wako mahali pazuri.

Mwalimu alipokuwa akimtaja mzungu huyo hakusema "babu". Alisema "ile mutu". Ile mutu wa spana. Nilimuuliza siku moja nikimnyoa, maana alikuwa mteja wangu kila Jumamosi, kama angekutana naye angemwambia nini.

"Ningemuomba karatasi yake ya ubatizo," alisema. "Halafu ningefunga mulango."

Nilicheka hadi nikazima mashine. Yeye hakucheka, alikuwa anajitazama kwenye kioo, anatazama hiyo pua yake ndefu ambayo watoto wa mtaani kwake Jeppestown walikuwa wakiifuata barabarani.

Kwa nini alianza kumtafuta, hilo hatukuambiwa darasani. Aliniambia mimi, kwenye kiti. Ni ule mwezi wa Mei wa 2008, sisi wageni tulipokuwa tukitafutwa na wenyeji nyumba kwa nyumba. Mwalimu alikuwa anaishi Jeppestown, chumba kimoja na binti yake. Mama wa mtoto alikwisha fariki. Walikuja mchana. Vijana wenye marungu, wengine anawafahamu kwa sura, wanapita mlango kwa mlango na mtihani wa swali moja: wanakuonyesha kiwiko, unakitaja kwa Kizulu. Mwalimu alikuwa na Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, Kibemba na Kilatini kidogo cha seminari. Kiwiko hakuwa nacho.

Binti yake, wakati huo msichana wa shule ya msingi, alikuja mlangoni akapita chini ya mkono wa baba yake, akakitaja. Akataja na goti na kisigino, akawauliza kama wamemaliza kusoma mwili au aendelee. Mmoja akasema "eish, huyu ni wa kwetu," wakacheka. Wakagonga mlango wa pili, wa fundi cherehani wa Msumbiji.

Mwalimu hakunisimulia ya mlango wa pili. Alisema tu kwamba ukuta ulikuwa mwembamba.

"Mimi nimefundisha lugha maisha yangu yote," alisema. "Na mutoto wangu njo alinificha nyuma yake kama ndoo."

Toka siku hiyo akawa na shughuli moja: amtoe binti yake Johannesburg kabla hajawa mtu mzima, ampeleke mahali ambapo hakuna atakayegonga kuuliza viungo. Na katika ukoo wake wote, waliokufa na waliobaki, alikuwepo mtu mmoja tu mwenye nchi ya namna hiyo. Ile mutu wa spana.

Basi tukaingia kazini. Nasema "tukaingia" kwa sababu duka la intaneti lilikuwa mlango wa tatu kutoka duka langu la kunyolea, na kila Jumamosi baada ya kunyolewa tulikwenda wote. Lilikuwa la bibi mmoja wa Kireno, mjane, mweusi wa nguo kuanzia kichwani hadi viatuni, aliyefuma vitambaa huku akituchunga tusile karanga kwenye kompyuta zake. Mwalimu aliketi mbele ya mashine kama anayeketi mbele ya askofu. Skotlandi wameyaweka madaftari yao yote ya zamani kwenye mtandao, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa makarani waliooza kaburini, na mtu wa Rosettenville mwenye karanga mfukoni anaweza kuyafungua. Mimi nilikuwa nimeona maajabu, lakini lile lilinishinda.

Alianza na vitabu vya ubatizo vya parokia. Akakaa humo. Alipitisha majira ya baridi humo, na ya joto, na ya baridi tena. Kila James aliyebatizwa Greenock alimjua, na huko kila mwanamume wa pili ni James. Alijua nani alibatizwa nyumbani kwa sababu ya homa, nani alisimamiwa na mjomba, nani mama yake hakuolewa. Alinisimulia habari zao kama majirani. Na mtu wake hakuwemo.

Bibi Mreno ndiye aliyeuliza, sindano mkononi, bila kuinua kichwa. "Babu yako alizaliwa lini?"

Mwalimu akakadiria. Mama yake alizaliwa wakati fulani, mzungu alikuwa mtu mzima, toa hapo.

"Na vitabu hivi vinaishia lini?"

Vilikuwa vinaishia miaka mingi kabla. Wale akina James wote walikuwa rika la babu za babu yake, wengi wao marehemu kabla yeye hajazaliwa. Toka katikati ya karne ya kumi na tisa serikali yao ilikuwa imeanza kuandikisha kila mtoto anayezaliwa, na huko ndiko alikotakiwa aangalie tangu mwanzo. Maelezo yalikuwa pale pale juu ya ukurasa. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameyaruka.

Lakini nani kati yetu asingeyaruka? Kwetu sisi, na kwao Katanga ndiyo zaidi, ukitaka kujua mtu alizaliwa lini huendi serikalini. Serikalini kumeungua, au kumehamishwa, au karani amekimbia na muhuri. Unakwenda parokiani. Padri anafungua kabati, na kadi yako ya ubatizo ipo, imeliwa na mende pembeni lakini jina lipo. Mwalimu mwenyewe alikuwa hana cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na ubatizo. Mama yake vilevile: kadi ya masista, yenye jina la ile mutu mahali pa baba, ndiyo karatasi pekee iliyoonyesha kwamba mzungu huyo aliwahi kuwepo. "Serikali inakufa na mutu wake," aliniambia tukirudi. "Sikujua kuna kwenye inabakia." Alitembea hadi kwenye robot ya kona, taa ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, naye amesimama tu.

Huko kwenye vitabu vya serikali alimpata, na alimpata kwa njia ya kikwetu. Akina James walikuwa wengi kule pia, umri uleule, mji uleule. Lakini katika kusomasoma Mwalimu alijifunza kwamba Waskoti wa zamani walikuwa na utaratibu wa kurithisha majina, sawa na sisi: binti wa kwanza anachukua jina la mama wa mke, wa pili jina la mama wa mume. Akakumbuka kwamba mama yake mkubwa, yule dada wa mama yake, aliitwa Mwansa, jina la mama wa bibi. Na mama yake aliitwa Isabela. Akatafuta James ambaye mama yake ni Isabella, na baba yake ni fundi wa mitambo kama mwanawe. Akabaki mmoja.

Ungedhani alifurahi. Jumamosi ile alikuwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko.

"Bibi yangu alikufa akisema ile mutu alimuheshimu," alisema. "Kwa sababu mutoto wa kwanza alimupa jina la mama yake bibi, jina la kwetu, mbele ya bazungu wenzake. Alishika hilo tu, maisha yake yote. Alisema, pengine hakutupenda, lakini alituheshimu. Kumbe ni utaratibu. Angezaa na ngamia angemupa jina la mama wa ngamia."

Nilimwambia, "Mwalimu, pengine ni vyote viwili."

"Nyoa," akasema.

Cheti chenyewe kilipofika, tulikisoma wote watatu, mimi, yeye na Bibi Mreno. Wale watu wanaandika hadi saa ya kuzaliwa. Ile mutu alizaliwa saa kumi na dakika kumi alfajiri. Mwalimu aliigusa ile saa kwa kidole. "Mimi hata mwaka wangu nilikadiria," alisema. Chini kabisa ndipo palipomshika. Mahali pa sahihi ya baba mwenye mtoto palikuwa na alama ya msalaba, na karani ameandika pembeni kwamba hiyo ndiyo alama yake. Baba wa mzungu hakujua kuandika jina lake.

Hapo Mwalimu alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia, na kilikuwa kicheko cha kutisha, bibi wa watu aliacha kufuma. Alicheka kwa mikupuo, akifuta macho kwa ncha ya tai. "Jina lako, la baba yako na la babu yako," alisema. "Kwa mwandiko unaosomeka."

Darasani hakubadilika, isipokuwa tuliacha kuandika majina. Hakueleza. Tulianza moja kwa moja na vitenzi.

Nisije nikamchora kama mtu wa uchungu mtupu. Aliwahi kumsimamia msusi mmoja wa Kikongo mitihani yote, akamfundisha bure Jumapili kwa sababu mama huyo alikuwa hapati nafasi siku nyingine, na alipofaulu Mwalimu alimwambia "Endelea" kwa sauti iliyomliza mama wa watu. Mimi cheti changu cha shule ya jioni nimekipata kwake. Kipo ukutani juu ya kioo, na ninawaambia wateja nilikuwa wa kwanza katika Afrika Kusini yote, ingawa tulikuwa kumi na wachache. Lakini kwa binti yake alikuwa hana ulimi. Msichana alikuwa amekua, mrefu, ana marafiki Jeppestown nzima. Walikuja pamoja dukani mara moja, baada ya cheti. Mwalimu alimwonyesha picha za Greenock kwenye mashine ya Bibi Mreno: mawe, maji, mawingu.

"Utasoma hapa," alimwambia.

Binti alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema anasoma tayari.

"Hapa hakuna mutu atakuuliza kitu mlangoni."

"Baba, mimi wananiuliza nini? Mimi natoka hapa Johannesburg."

Mwalimu aliendelea kufungua picha. Ilifika ya gati, akaikuza, kama vile tatizo lilikuwa msichana haoni vizuri.

Mwaka uliofuata aliacha kufundisha. Alitangaza kwamba karatasi zake zimekamilika zote: cheti cha ile mutu, kadi ya masista, kadi yake mwenyewe, na kwamba anazipeleka ubalozini. Warundi walimfanyia maombi. Wakenya walimpa ushauri. Kwangu tulifanya karamu, nyama ya kuchoma mbele ya duka, na Bibi Mreno alituma chupa ya divai na ujumbe kwamba huko kuna baridi, avae sufu. Mwalimu alikula amesimama. Nilimuuliza atatukumbuka akifika. Alisema atajitahidi asitukumbuke.

Halafu simu yake ikawa haipatikani. Chumba cha Jeppestown kikawa na watu wengine. Tukajua ameshaondoka, na kwa namna alivyotuzoesha, hakuna aliyetarajia kwaheri. Wateja waliniuliza habari zake, nami mtu akiniuliza siwezi kumrudisha mikono mitupu: niliwaambia amepata nyumba yenye mabomba ya moto, kondoo wake wamezaa mapacha, binti anasomea udaktari na anakwenda chuo kwa treni inayopita chini ya bahari.

Mwaka 2014 nilikwenda Bertrams kununua viti vilivyotumika. Ilikuwa siku ya mechi, barabara za karibu na uwanja zimejaa magari, na kwenye kiwanja kimoja kulikuwa na mlinzi wa fulana ya njano anawaonyesha madereva pa kuegesha. Alionyesha kwa mkono mzima ulionyooka, kidole kimoja mbele, namna mtu anavyoonyesha ubaoni. Ndani ya fulana alikuwa na tai.

Nilisimama hadi magari yakapungua.

"Mwalimu, shikamoo."

"Kinyozi," alisema. "Umenenepa."

"Nilijua uko Skotlandi."

"Hata mimi nilijua hivyo."

Nilimuuliza binti. Alisema yuko Pretoria, anauza viatu kwenye duka kubwa, anaishi na wenzake, yuko salama. Alitaja mwezi aliompigia simu mara ya mwisho, ulikuwa wa mbali. Hakusema zaidi. Gari likaingia, akaliegesha, akarudi.

"Zilikataliwa zile karatasi?" niliuliza. "Waliziona za uongo?"

"Hapana. Dada wa dirishani alizisoma zote, moja moja. Alisema hajawahi kuona mutu amepanga vizuri vile. Aliita mwenzake akaone."

"Sasa?"

"Sasa akauliza mimi ni raia wa wapi."

Sikuelewa, na nadhani ilionekana usoni, kwa sababu alishusha mkono wake, na Kiswahili chake kikanyooka kama zamani za ukumbini.

"Sikiliza, nasema mara moja. Hakuna nchi inayokusanya wajukuu. Kuna kibali, na kibali hicho anapewa mjukuu ambaye ni raia wa Jumuiya ya Madola, zile nchi za Mwingereza. Wewe Mtanzania, ungekuwa na babu yangu, ungepita. Mimi ni Mkongo. Haikunihusu tangu siku ya kwanza."